Homa si malaria kila mara: vimelea, wenyeji na njia zao kwa sisi wa Kigoma na Tabora

HadubiniUjiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtu wa maabara. Kazi nilianzia Tabora, upande wa Urambo, sasa niko Kigoma, mwisho wa reli. Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo ninaloliona dirishani kila mara: mtu anapewa karatasi, kipimo cha malaria kimesoma hasi, anakunja uso. "Kipimo chenu kibovu. Malaria yangu naijua." Anapitia duka la dawa, ananunua mseto, anameza. Homa inashuka, anajiona amepona, baada ya siku kadhaa inarudi na nguvu mpya. Hapo mtaani wanamwambia ana malaria sugu.

Ninachoomba tuelewane ni hiki: kabla hujauliza dawa, uliza maswali matatu. Ni kimelea gani? Kinaishi kwa nani? Kinapita wapi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine? Huku kwetu kuna ziwa, mito, pori la miombo na nyumba za udongo, na kila mahali pana kimelea chake chenye njia yake. Ukiziba njia isiyo yake, umejichosha bure.

Kimelea ni kiumbe kinachoishi juu ya mwili au ndani ya mwili wa kiumbe kingine, kikijilisha humo na kumdhuru mwenye mwili. Mwenye mwili ndiye mwenyeji. Chawa, funza na kupe ni vimelea vya nje. Minyoo ni vya ndani, pamoja na vile vya seli moja kama plasmodiamu wa malaria, ambao bila hadubini huwaoni. Vitabuni, bakteria na virusi wana somo lao peke yake, lakini maswali yale matatu yanawahusu vilevile, kwa hiyo humu nitawagusa.

Wenyeji nao hawalingani. Mwenyeji wa mwisho ni yule ambaye ndani yake kimelea hukomaa na kupandana, dume na jike. Mwenyeji wa kati ni yule ambaye ndani yake hulelewa kikiwa hakijakomaa. Chukua kichocho cha tumbo, kinacholetwa na Skistosoma mansoni. Mgonjwa akileta choo, tunachukua kidogo, tunakipitisha kwenye chujio, tunakiweka kwenye slaidi na kukifunika kwa kipande cha selofani kilicholowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani. Ukiangalia, unaona yai la mviringo mrefu, lina mwiba mmoja mkubwa ubavuni. Ule mwiba ukiuona mara moja hutausahau. Kichocho cha mkojo mwiba wake uko nchani.

Lile yai likifika majini linapasuka, anatoka kiluwiluwi mwenye vinyweleo vya kuogelea. Ana saa chache tu za kumpata konokono wa aina yake, akimkosa anakufa. Akimpata, anaongezeka ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha konokono huyo mmoja anaanza kutoa maelfu ya viluwiluwi vipya vyenye mkia wa panda. Hawa wa kichocho cha tumbo hutoka zaidi mchana jua likiwa kali, muda ule ule ambao watoto wako mtoni na akina mama wanafua. Wanapenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, ndani ya dakika. Wanasafiri kwenye damu, wanakomaa kwenye mishipa ya ini, dume anamkumbatia jike, wanahamia mishipa ya utumbo na kutaga. Wanaweza kuishi hivyo miaka kadhaa. Mayai mengi hayatoki nje; yananasa kwenye ini, na hayo ndiyo yanayoliharibu ini mpaka mtu anatapika damu na tumbo kujaa maji.

Kwa hiyo konokono ni mwenyeji wa kati, binadamu ni mwenyeji wa mwisho. Na ona linalofuata hapo: huwezi kumwambukiza mke wako kichocho kwa kula naye sahani moja. Lazima kipite kwa konokono. Wala kuchemsha maji ya kunywa hakutakusaidia kama unaoga kwenye kijito kile kile.

Malaria imekaa tofauti na watu wanavyodhani. Plasmodiamu hupandana ndani ya mbu, kwa hiyo mwenyeji wa mwisho ni mbu jike wa Anofelesi, na sisi ndio wa kati. Humo ndani ya mbu kinahitaji kama siku 10 hadi 14 kukomaa. Mbu akifa kabla ya hapo, hajamwambukiza mtu. Ndiyo maana chandarua chenye dawa kina faida kwa jirani asiye nacho pia: kinapunguza mbu wanaofika umri wa kuambukiza.

Hapo tunaingia kwenye vekta, yaani mdudu anayehamisha ugonjwa. Wako wa namna mbili. Nzi wa chooni akitua kwenye wali wako amebeba uchafu miguuni. Huyo ni mpagazi tu, mzigo haubadiliki njiani. Mbu, mbung'o na papasi ni walezi: kimelea kinakua au kuongezeka ndani yao ndipo kinatoka.

Papasi ndiye anayenifanya niandike haya yote. Ni kupe laini, anakaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, anatoka usiku, ananyonya nusu saa au chini ya hapo na kurudi ufani kabla hujaamka. Hutamkuta amekuganda asubuhi kama kupe wa ng'ombe. Anabeba bakteria aitwaye Borelia duttonii, chanzo cha homa ya papasi. Homa inapanda kwa ghafla, kichwa kinapasuka, viungo vinauma, siku tatu nne hivi, kisha inakatika kwa jasho jingi. Mtu anafikiri dawa aliyomeza imefanya kazi. Kumbe kinga ya mwili imewaua wengi wao, na wachache waliobaki wamebadilisha sura ya nje ili wasitambulike. Wanaongezeka tena, na baada ya wiki moja hivi homa inarudi. Linganisheni na yule niliyemtaja mwanzo.

Kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta protini za malaria tu. Hakimwoni Borelia, hakioni vimelea vya malale. Na kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Kikisoma hasi na homa ipo, omba damu iangaliwe kwa hadubini, na itolewe wakati homa imepanda, maana kati ya homa moja na nyingine Borelia hupungua sana kwenye damu.

Ugonjwa huu una historia na barabara yetu. Misafara ya Tabora hadi Ujiji ililaza wapagazi kwenye vibanda vile vile mwaka hadi mwaka, na papasi walijaa humo. Robert Koch, mtafiti wa vijidudu kutoka Ujerumani, alipokuja enzi za Mjerumani aliwakuta kwenye vituo vya misafara, akaona vijidudu mpaka ndani ya mayai yao. Papasi jike huwarithisha watoto. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, watafiti Dutton na Todd walionyesha mwaka 1905 kwamba papasi ndiye mwenezi. Dutton mwenyewe aliugua homa hiyo na kufia Kasongo mwaka huo huo.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu nikitoka zamu.

---

Mlangaboy

Nimeweka kambi hapa. Endelea mkuu.

---

Mvuvi_Kibirizi

Mkuu heshima yako, ila hapo kwenye kichocho naomba nipinge kidogo. Sisi tumezaliwa na ziwa. Baba yangu amevua migebuka mpaka uzee, ameoga ziwani kila siku ya Mungu, hakuwahi kulala kitandani kwa kichocho. Mkisema ziwa lina ugonjwa mnatufukuzia wateja.

---

BintiKasulu

Kaka asante sana kwa uzi. Kijijini kwa bibi nyumba ni ya udongo na papasi wapo, tangu wadogo tunawajua. Wenyeji pale wanasema ukishazoea hawakudhuru, mgeni ndiye anayeugua. Mdogo wangu ni mjamzito, anataka kwenda kukaa huko miezi miwili. Ni kweli hilo la kuzoea?

---

HadubiniUjiji

@BintiKasulu naanza na wewe, dada, maana lako haliwezi kungoja. Kuna ukweli kidogo kwenye kuzoea: anayeng'atwa tangu utotoni hujenga kinga fulani na homa zake huwa nyepesi kuliko za mgeni. Lakini mjamzito ni habari nyingine. Homa ya papasi kwa mjamzito ni hatari kweli: mimba kuharibika, kujifungua kabla ya wakati, mtoto kufariki mara tu baada ya kuzaliwa. Mdogo wako asiende kulala kwenye nyumba hiyo. Kama hana namna, alale kitanda kilichoinuliwa na kisichogusa ukuta, chandarua chenye dawa kichomekwe vizuri chini ya godoro, asilale kwenye mkeka sakafuni. Na akipata homa, siku hiyo hiyo kituo cha afya, aseme wazi kwamba amelala nyumba yenye papasi. Usimnunulie vidonge dukani. Dawa ipo na inatibu, ila baadhi haziwafai wajawazito, na dozi ya kwanza inaweza kumpandishia homa na kumtetemesha kwa saa chache wale bakteria wanapokufa kwa mkupuo. Anatakiwa awe chini ya uangalizi.

Nyumba yenyewe: sakafu na kuta zikisakafiwa vizuri kwa saruji, papasi hana pa kujificha. Kupulizia dawa kunasaidia, lakini papasi anavumilia njaa kwa miaka. Chumba kilichofungwa muda mrefu usikiamini.

@Mvuvi_Kibirizi kaka yangu, ziwa silisemi vibaya, nami ndilo linalonilisha. Tuangalie konokono anakaa wapi. Anapenda maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole, yenye majani: vijito, mifereji ya mpunga, vidimbwi, kona za ghuba zisizopigwa na mawimbi. Kwenye mawe na mawimbi, au huko katikati mnakovua usiku, hapamfai. Kwa hiyo inawezekana kabisa mzee alikuwa salama kuliko mtoto anayeogelea kwenye kijito nyuma ya nyumba. Halafu kichocho hakimlazi mtu kitandani haraka. Minyoo michache unaishi nayo bila kujua. Kinachoamua ni wingi, na wingi unategemea umeingia maji gani mara ngapi.

Wala si binadamu peke yake. Nyani wa Gombe wamekutwa na kichocho hiki hiki cha tumbo. Mnyama anayetunza kimelea kinachoweza kurudi kwa watu tunamwita hifadhi ya ugonjwa.

Kama lazima uoge maji ya kijito, yateke, yachuje konokono, yaweke kwenye pipa siku mbili. Viluwiluwi visivyopata ngozi ndani ya muda huo vinakufa. Na shuleni wakija na prazikwanteli, dawa ya kichocho, mwache mtoto ameze baada ya kula. Inaua minyoo iliyokomaa. Haizuii mpya kuingia kesho, ndiyo maana hutolewa tena na tena.

---

MzingaWaGome

Salaam kutoka Urambo. Umetaja malale kwa kupita tu na mimi ndilo linalonihusu. Sisi warina asali tunakaa pori la Ugalla wiki kadhaa kila msimu. Mbung'o tunawajua: ukiwa kwenye pikipiki wanakufuata, ukisimama wanakuvaa, mng'ato wake unauma hata juu ya shati. Tumekatazwa kuvaa nguo za bluu na nyeusi. Wazee wanasema babu zetu walihamishwa kwa nguvu kwa ajili ya mdudu huyu. Naomba ufafanue, maana kuna kijana mwenzetu alirudi na kidonda shingoni, homa haiishi, kila akienda anapewa dawa za malaria na taifodi.

---

HadubiniUjiji

@MzingaWaGome mzee wangu, huyo kijana asilale nyumbani leo. Mpelekeni hospitali yenye hadubini, mwelezeni daktari kwa maneno haya haya: katoka pori lenye mbung'o, ana kidonda alipong'atwa, homa haisikii dawa ya malaria. Malale ya upande wetu wa mashariki mwa Afrika haingoji. Ile ya Kongo na Afrika Magharibi inaweza kukaa mwilini miezi au miaka kabla ya kuingia kwenye ubongo. Yetu huchukua wiki au miezi michache tu. Isipotibiwa inaua. Ikikamatwa mapema inatibika, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza feksinidazoli, dawa ya kumeza, kwenye mwongozo wa kutibu malale ya aina yetu. Kabla ya hapo dawa zilikuwa za sindano, na ile ya hatua ya ubongo ina arseniki ndani yake.

Nilipokuwa huko kwenu niliwahi kumwona kimelea wa malale kwenye tone la damu mbichi. Kwanza humwoni mwenyewe. Unaona chembe nyekundu zinasukumwa, moja inageuka, nyingine inaruka pembeni. Unasogeza slaidi taratibu ndipo unamkuta, mwembamba, ana utando ubavuni unaopiga mawimbi. Siku hiyo niliita kila mtu aliyekuwa kwenye jengo aje aone.

Mbung'o, tofauti na mbu, dume na jike wote wananyonya damu. Hatagi mayai: jike huzaa lava (buu) mmoja mmoja, anayejichimbia kwenye udongo wa kivulini. Anazaa taratibu sana, ndiyo maana mitego inaweza kumpunguza. Rangi ya bluu na nyeusi inamvuta, na mitego ya vitambaa hutengenezwa kwa rangi hizo hizo. Hao waliowakataza nguo hizo walisema kweli. Vaeni khaki, mikono mirefu, kitambaa kizito.

Hifadhi ya malale yetu ni wanyama: pongo na wenzake porini, na ng'ombe nyumbani. Mnyama wa porini anaweza kukaa na kimelea hicho bila kuonekana mgonjwa. Ugonjwa wa namna hii, unaotoka kwa mnyama kuja kwa mtu, huwezi kuumaliza kwa kutibu watu peke yao.

Kuhusu kuhamishwa, wazee wako sahihi. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya mkoloni ilikusanya watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika, Uha (nchi ya Waha) ikiwemo, kwenye makazi ya pamoja ili wafyeke pori na kulisukuma mbali na nyumba. Kwa mtazamo wa mbung'o ilikuwa na mantiki. Kwa waliopoteza mashamba na makaburi ya wazee wao ilikuwa adhabu, na sidhani kama ilihesabiwa ipasavyo.

---

MwalimuSikonge

Mkuu nafundisha biolojia na wanafunzi wananiuliza swali lile lile kila mwaka: kwa nini mbu haambukizi UKIMWI? Na nisaidie kutofautisha mlipuko na ugonjwa uliozoeleka mahali.

---

NahodhaMstaafu

Kwenye mlipuko naomba niseme. Mei 2015 nilikuwa kwenye boti za Kagunga. Wakimbizi wa Burundi walishuka maelfu kwa maelfu kwenye kijiji kile chembamba kati ya mlima na maji. Hakuna barabara, ni ziwa tu. Vyoo hakuna. Watu wanakunywa pale pale, wanajisaidia pale pale. Tulikuwa tunabeba watu waliolegea kabisa, macho yamezama. Meli ya Liemba nayo ilikuwa inakwenda na kurudi kuwaleta mjini, wakapokelewa uwanja wa Lake Tanganyika. Sitaki kuikumbuka harufu ile, lakini vijana wasiokuwepo wajue.

---

HadubiniUjiji

@NahodhaMstaafu pole sana mzee, na ahsante kwa kazi mliyoifanya. Ile ilikuwa kipindupindu, na ndani ya wiki chache wagonjwa walipita 3,000.

@MwalimuSikonge mfano wako umeshapata. Malaria Kigoma iko mwaka mzima, inapanda na kushuka na mvua; hiyo ni ya kudumu mahali pake. Mlipuko ni pale wagonjwa wanapozidi kwa ghafla idadi inayotarajiwa kwa mahali na wakati huo. Kwa kipindupindu Kagunga, hata wachache tu wangekuwa ishara. Mlipuko ukivuka nchi na mabara unaitwa janga la dunia.

Waonyeshe wanafunzi pia kipindi cha atamizo, muda kutoka kuambukizwa hadi dalili ya kwanza. Kipindupindu ni saa chache hadi siku tano, ndiyo maana kilimshika mtu akiwa bado njiani na kusafiri naye. Malaria mara nyingi ni siku 7 hadi 30. Ukiulizwa hospitali "ulikuwa wapi wiki mbili zilizopita?", hicho ndicho kinachotafutwa. Na kuna ambaye haonyeshi dalili kabisa lakini anaeneza. Huyo ni mbebaji.

UKIMWI: rudi kwenye mlezi. Virusi vya UKIMWI vikiingia tumboni mwa mbu vinameng'enywa pamoja na damu. Haviongezeki, havifiki kwenye tezi za mate. Na mbu aking'ata anaingiza mate yake, harudishi damu ya mtu wa kwanza. Plasmodiamu yeye anapenya ukuta wa tumbo la mbu, anaongezeka, anahamia kwenye mate. Wachoree njia hizo mbili ubaoni, moja inaishia tumboni, nyingine inafika mdomoni.

---

Mama_Kibondo

Swali la mwisho kutoka kwangu mwanangu. Tunafuga nguruwe. Nasikia nyama yake inaleta kifafa. Mume wangu anasema ni uzushi, mbona yeye anakula na hana kitu.

---

HadubiniUjiji

Shikamoo mama. Kuna ukweli, ila njia yake imechanganywa, na hapa ndipo wengi wanapotea.

Ukila nyama ya nguruwe yenye malengelenge meupe, isiyoiva, unapata tegu utumboni. Wewe umekuwa mwenyeji wa mwisho. Huyo tegu pengine hakusumbui sana, unaona vipande vyeupe chooni tu. Lakini vipande hivyo vina mayai. Mtu akimeza mayai, kwa mikono isiyonawa, mboga zilizomwagiwa kinyesi au maji machafu, mwili wake unachukua nafasi ya nguruwe: mayai yanaanguliwa, lava wanasambaa na kutengeneza malengelenge kwenye misuli, macho na ubongo. Yale ya kwenye ubongo ndiyo yanayoleta kifafa. Kwa hiyo anayeanguka anaweza kuwa hajawahi kuonja nguruwe maishani. Aliyekula ni jirani yake mwenye tegu asiyenawa. Na mzee wako akianza kuona vipande hivyo, asimeze dawa ya tegu kiholela, aende akapimwe, kwa sababu baadhi ya dawa zikimkuta mtu ambaye tayari ana malengelenge kichwani zinaweza kumletea degedege.

Nguruwe wasizurure, wafungiwe bandani. Kila mtu nyumbani atumie choo, maana nguruwe anaambukizwa kwa kula kinyesi cha mtu mwenye tegu. Wakati wa kuchinja kata ulimi na misuli ya bega uangalie vilengelenge ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo, na mwite mkaguzi wa nyama. Ukiviona, nyama hiyo isiuzwe wala isiliwe. Usipoviona bado ipike mpaka ndani pasiwe na wekundu, kwa sababu vichache havionekani kwa macho.